Vidole Kwenye Bilauri

Katika nyumba hiyo hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Asubuhi iliingia na pampu. Fyuu, fyuu, fyuu! Ukisikia hivyo ujue Fundi Baiskeli ameshafungua karakana yake, chumba cha mbele, na anajaza upepo tairi la mteja wa kwanza. Haukupita muda, cherehani ya mke wake ilianza kunguruma chumba cha nyuma. Na juu ya pampu na cherehani ulisikika mdomo wa Chiriku.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Lilikuwa jina la utani, nalo lilimkaa sawasawa. Alikuwa binti wa Fundi, mtoto wa miaka tisa, mwenye maneno mengi kama ndege mwenye jina hilo.

"Baiskeli za watu wote nimezitia breki," Fundi alikuwa akisema. "Huyu mmoja breki zake sijazipata dukani."

Mwanamke wa cherehani hakuwa mama mzazi wa Chiriku. Mama mzazi alifariki dunia baada ya kuugua muda mrefu. Fundi alikaa peke yake na mwanawe, kisha akamwoa Mshonaji. Mshonaji alikuwa mwanamke mpole, mwenye vidole vifupi vinene vilivyojaa alama za sindano. Aliingia katika nyumba ile kwa hofu. Alijua maneno ambayo watu husema kuhusu mama wa kambo, na hakuna hata neno moja zuri.

Lakini Chiriku hakumpa nafasi ya kuogopa. Siku ya pili tu alikaa chini ya cherehani, akaanza kuokota pini na kuuliza maswali.

"Mama mdogo, kwa nini uzi unakatika? Mama mdogo, mtu akimeza pini, inatokea wapi?"

Mshonaji alicheka mpaka akakosea mshono. Moyoni akasema, hapa nimefika nyumbani.

Laiti mambo yangebaki hivyo!

Sebuleni palikuwa na kabati la mbao. Lilisimama ukutani, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko karakana ilikokuwa. Kwa hiyo sebule nzima ilinuka mpira. Mlango wa kabati ulikuwa mbovu. Ulijifungua wenyewe, polepole, kama mtu anayechungulia. Fundi aliuzuia kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndivyo alivyokuwa Fundi. Mguu wa meza ukilegea, tyubu. Mpini wa sufuria ukivunjika, tyubu. Hata miwani yake ilishikwa na tyubu kisogoni. Kinyozi hajinyoi, bwana, na fundi wa watu hana muda wa kabati lake.

Ndani ya kabati hilo ilikaa bilauri ya fedha. Haikuwa ya bati wala ya stili. Ilikuwa ya fedha, madini yale yale ya kutengenezea pete na bangili. Marehemu mama yake Chiriku alipewa na baba yake, na alipokuwa hai aliinywea maji kila siku. Alipofariki, Fundi aliiweka wazi juu ya kabati. Kila asubuhi aliifuta kwa kipande cha shati la pamba kabla ya kugusa pampu. Iling'aa hata dirisha likaonekana ndani yake.

Siku moja kabla ya kumleta mke mpya, Fundi alikaa akawaza. Bibi arusi ataingiaje ndani, akutane na bilauri ya mwenzake ikimkodolea macho? Akaiteremsha. Akaizungushia shali ya sufu ya marehemu, akaifunga kwa namna yake, akaiweka ndani ya kabati. Alifanya hivyo kwa mapenzi, kwa wake zake wote wawili. Naomba mlikumbuke hilo.

Fundi alikuwa na dada yake, Shangazi wa Chiriku. Shangazi ndiye aliyemuuguza marehemu. Alimlisha, akamwogesha, akamfumba macho. Kila mwezi ulipoisha alikuja kuwatembelea. Siku moja alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akasema:

"Nitoleeni ile bilauri. Nataka kumkumbuka wifi yangu."

Ilikuwa mchana wa jua kali. Mabati ya paa yalilia tak, tak, kama mtu anayetembea juu yake. Fundi aliitoa bilauri, akafungua shali, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kuna nini?" Shangazi aliuliza.

Bilauri haikung'aa tena. Ilikuwa na rangi ya moshi. Na pale katikati palikuwa na mistari minne myeusi, mmoja chini ya mwingine. Ilizunguka upande mmoja wa bilauri na kufifia upande wa pili. Nyuma yake palikuwa na doa moja nene.

Chiriku alikuwa wa kwanza kusema, kama kawaida yake. "Ni vidole! Hivi vinne, na hiki hapa ni gumba. Kuna mtu ameishika."

"Labda ni kutu," Mshonaji alisema kwa sauti ndogo.

"Kutu naijua mimi," Fundi alijibu. "Kila siku naifuta kwenye minyororo. Kutu ni nyekundu, na ni ya chuma. Fedha haishiki kutu. Ilikaa juu ya kabati muda wote huo, haikuwa hivi."

"Muda wote huo," Shangazi alirudia. Akamtazama Mshonaji. "Sasa imekuwa hivi tangu lini?"

Wote walijua ni nani aliyeingia katika nyumba hiyo baada ya bilauri kuingia kabatini. Mshonaji alihisi masikio yake yakiwaka moto.

Shangazi alichukua majivu, akaisugua bilauri kwa nguvu mpaka jasho likamtoka. Weusi ulitoka. Fundi akaifunga tena kwa shali ile ile, akairudisha.

Mwezi uliofuata walifungua tena. Vidole vilikuwa vimerudi. Vilikuwa palepale, vinne na gumba, tena vyeusi kuliko mwanzo.

"Leta mkono wako," Shangazi alimwambia Mshonaji.

Mshonaji alinyoosha mkono. Aliuweka juu ya alama. Vidole vyake havikufika hata nusu ya mistari. Shangazi alijaribu wake, haukufika. Chiriku akaweka kiganja chake kidogo, akakiondoa haraka kama ameungua.

"Mama alikuwa na vidole virefu," mtoto alisema.

Shangazi aliisugua tena kwa majivu, Fundi akaifunga tena. Lakini baada ya maneno hayo, Chiriku alinyamaza. Alinyamaza siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Mtoto aliyekuwa akiongea hata usingizini sasa alijibu kwa kichwa. Hakukaa tena chini ya cherehani. Pini zilianguka na kubaki sakafuni. Mshonaji alipompakulia chakula, alisubiri baba yake aje kumpa sahani kwa mkono wake.

Nyumba ikabadilika. Mshonaji akisimamisha cherehani, alisikia nyumba nzima imetulia, kana kwamba inamsikiliza. Mabati yakilia, alishtuka. Ukanda wa tyubu kwenye kabati ulikuwa umelegea kwa joto. Aliufunga mlango asubuhi, na mchana aliukuta wazi. Aliufunga tena, akageuka, akasikia nyuma yake: kriii. Hakutaka kugeuka kutazama.

Alasiri moja alimkuta Chiriku ameketi sakafuni mbele ya kabati. Mbele yake palikuwa na glasi ya maji.

"Mwanangu, unafanya nini hapo?"

Chiriku alijibu bila kumtazama. "Nimemletea mama maji. Bilauri yake mmeifunga. Sasa atanywea nini?"

Nywele zilimsimama Mshonaji. Alitaka kumkumbatia mtoto, lakini hakuthubutu kulisogelea kabati. Alirudi kwenye cherehani, akakaa bila kushona. Jioni alipita sebuleni amefumba macho, asije akaona kama maji yamepungua.

Usiku huo alimwambia mume wake. Fundi alijikuna kichwa. "Mimi mambo haya siyaelewi," alisema. "Mnyororo ukikatika nauona. Hapa sioni kilichokatika."

Shangazi alipokuja tena, alikuwa ameshaamua. Alisema mbele ya wote.

"Mimi sina ugomvi na wewe, wifi. Lakini marehemu, mwenye nyumba, anasema, na sisi tuna masikio. Tunaifungua sasa hivi. Vidole vikiwa vimerudi, ni mara ya tatu. Utarudi kwenu mpaka mambo yatulie."

"Dada, taratibu," Fundi alisema.

"Taratibu mpaka lini? Mpaka mtoto awe bubu? Mtazame!"

Wakamtazama Chiriku. Alikuwa amesimama kando ya kabati, mkono mmoja umeshika mlango wake. Fundi akaitoa bilauri. Akafungua shali.

Vidole vilikuwepo.

Safari hii Fundi aliifunga tena bila kuisugua, na asubuhi iliyofuata Mshonaji alipanga nguo zake. Zipu ya begi ilikuwa imekufa, kwa hiyo Fundi alilifunga kwa tyubu, machozi yakimlengalenga. Mshonaji hakulia. Alikuwa na jambo moja moyoni. Akiondoka, mtoto atabaki na mkono ule kabatini. Nani atakaa naye mchana, mabati yakilia?

"Nipe bilauri," alimwambia mume wake. "Hivyo hivyo ilivyofungwa. Nitaipitisha kwa Sonara. Kama kuna namna ya kuvifuta vidole hivi visirudi, aseme yeye. Hata kama mimi sitakuwepo."

Sonara alikuwa mwanamke mtu mzima, jirani wa mtaa wa pili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza pete, bangili na mikufu. Alikuwa pia mteja wa Fundi, maana baiskeli yake ilipata pancha kila wiki. Mshonaji alimkuta amekaa mbele ya meza yake, anapuliza moto kwa mrija mwembamba juu ya kipande cha fedha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi? Kaa."

Mshonaji alikaa, akasimulia yote. Hata habari ya glasi ya maji aliisimulia. Sonara hakucheka. Alinyoosha mkono akapokea kifurushi. Hakukifungua mara moja. Alikigeuza, akakipeleka puani, akanusa.

"Nani aliyefunga hivi?"

"Mume wangu. Huifunga mwenyewe kila mara."

"Nilijua tu," Sonara alisema. "Mume wako angepewa mawingu, angeyafunga kwa tyubu."

Akaanza kufungua. Safari hii Mshonaji alitazama vizuri. Ukanda mweusi wa tyubu ulizunguka kifurushi mara nne, na mwisho wake ulifungwa fundo. Sonara hakuutoa. Aliusogeza kidogo tu, akainua shali chini yake. Chini ya kila mzunguko palikuwa na mstari mweusi. Chini ya fundo palikuwa na lile doa nene.

Mshonaji alishika kifua. "Mbona... mbona ni palepale?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Huu siyo mkono wa mtu. Ni mpira."

"Lakini mistari inaishia katikati! Tyubu imezunguka pande zote."

"Tazama shali. Upande huu imekunjwa mara moja. Upande ule mikunjo imelundikana, minene kama godoro. Hapa mpira uko karibu na fedha, pale uko mbali. Ndiyo maana mistari inafifia, ila fundo limeibana mikunjo, likaacha doa hata huko."

Mshonaji aligusa mstari mmoja kwa kidole. Alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha akasema, "Naomba uifute, niende nayo."

"Hapana," Sonara alisema, akivaa viatu. "Ukirudi nayo inang'aa, watasema umekwenda kwa mganga. Twende wote. Huko kwenu kuna mayai?"

Shangazi alikuwa bado yupo. Alipomwona Mshonaji anarudi na mgeni, alisimama mlangoni. Begi lilikuwa hapo hapo kizingitini.

"Nimekuja kuonyesha, sikuja kubishana," Sonara alisema. "Dada yangu, hiyo pete yako ni ya fedha?"

"Ni ya fedha. Na haijawahi kuwa nyeusi hata siku moja," Shangazi alijibu kwa ukali.

"Niazime kidogo."

Shangazi alisita, akaivua. Sonara alichemsha yai mpaka likakauka ndani. Akalimenya likiwa la moto, akaliponda, akalitia ndani ya chupa ya mdomo mpana. Juu yake akaweka pete, akafunga kifuniko. Akaiweka chupa mezani mbele ya Shangazi.

"Tusubiri. Wakati tunasubiri, Fundi, chukua bilauri uifunge kama unavyoifunga siku zote."

Fundi aliifunga. Mikono yake ilikwenda yenyewe: shali, tyubu, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, fundo. Sonara alisogeza ukanda na kumwonyesha kilichokuwa chini yake. Fundi alivua miwani, akaivaa tena.

"Ni mimi?" alisema. "Ina maana vidole ni mimi?"

"Ni tyubu yako. Sikiliza. Kila madini yana adui yake. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinashika kutu. Hilo unalijua kuliko mimi. Shaba ikikaa kwenye unyevu, inaota ukijani. Adui wa fedha anaitwa salfa."

"Salfa ni nani?" Fundi aliuliza.

"Ni kitu cha manjano kinachochimbwa ardhini. Wengine hukiita kiberiti. Kimo katika vitu vingi usivyovidhania. Kimo ndani ya yai. Yai likioza, ile harufu ni yake. Kimo kwenye manyoya ya kondoo, kwa hiyo kimo kwenye shali ya sufu. Na kimo kwenye mpira. Kiwandani mpira hupikwa na salfa ili uwe imara. Tyubu isiyo na salfa ingeyeyuka juani kama ubani wa kutafuna."

"Hata mimi sikujua, na nimezishika maisha yangu yote!"

"Salfa hutoka polepole, huioni. Ikiigusa fedha, zinashikana. Hapo juu ya fedha panazaliwa kitu kipya, cheusi, chembamba kuliko karatasi. Fedha haijaoza, wala haijachafuka. Imevaa ngozi nyeusi tu. Joto linaharakisha, na unyevu unaharakisha. Na kabati lenu limepakana na karakana ambamo unachoma viraka vya mpira kutwa nzima."

Shangazi alikuwa hasikilizi. Alikuwa anaitazama chupa. Ndani yake, juu ya yai, pete yake ilikuwa imegeuka. Kwanza ilikuwa ya manjano kama chai hafifu, kisha kahawia. Sasa ukingo wake ulikuwa unaingia weusi, na hakuna mkono uliokuwa umeigusa. Chiriku alisogea, akaweka uso wake karibu na chupa. Nyumba nzima ilitulia. Mabati yalilia tak, tak, na safari hii hakuna aliyetazama juu.

"Ilikuwa kidoleni mwangu sasa hivi," Shangazi alinong'ona.

"Na kidoleni ilikuwa safi kwa sababu unafua nayo, unaosha nayo vyombo, inajisugua kila siku. Usihofu, nitaisafisha pamoja na bilauri."

Sonara aliomba sufuria ya aluminiamu. Alimimina maji ya moto, akatia vijiko viwili vya ile soda nyeupe ya kuumulia keki. Povu likapanda. Akaifungua bilauri, akailaza ndani, ikagusana na sufuria, na pete kando yake.

"Ni lazima zigusane na aluminiamu," alisema. "Salfa inaiacha fedha na kuhamia huko. Msitumie tena majivu, wala mchanga. Majivu hukwangua weusi pamoja na fedha yenyewe. Mngeendelea, bilauri ingekonda mpaka itoboke."

Mvuke ulipanda, na ndani ya mvuke harufu ya yai bovu. Wote waliinama juu ya sufuria. Chini ya maji vidole vilionekana virefu zaidi, vikicheza-cheza. Kisha kimoja kikaanza kufifia. Kikafuata cha pili. Ilikuwa kama mkono unaachia, kidole kimoja kimoja.

Hapo Chiriku akapiga kelele.

"Msimwondoe! Mwacheni! Mnamwondoa mama yangu!"

Hayo yalikuwa maneno yake mengi ya kwanza baada ya majuma mengi. Alinyoosha mkono aitoe bilauri, na maji yalikuwa ya moto. Mshonaji alimdaka kabla hajayafikia. Akakaa naye sakafuni, amemkumbatia. Mtoto alimpiga kifuani kwa ngumi ndogo, akilia, na Mshonaji hakumwachia.

Kisha wakasikia kilio kingine. Alikuwa Shangazi.

"Na mimi nilitaka awe yeye," Shangazi alisema. Machozi yalimshuka bila kuyafuta. "Nilikuwa nakuja kila mwezi, naogopa, na bado naomba vidole viwepo. Nilisema, angalau bado yupo. Bado kuna kitu anachokishika. Nisamehe, wifi. Nilikuwa nakufukuza ili nibaki naye."

Mshonaji aliinua mkono mmoja, akaushika mguu wa Shangazi, maana ndio uliokuwa karibu.

Sonara alikohoa. Alitoa bilauri kwa kijiko, akaiosha kwa maji safi, akaikausha kwa kitambaa cha pamba. Iling'aa. Vidole havikuwepo. Palibaki mikwaruzo ya majivu tu. Aliiweka mikononi mwa Chiriku.

"Niambie, binti. Mama yako alipokuwa hai, bilauri hii ilikuwa nyeusi?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Kwa nini haikuwa nyeusi? Aliifunga kwenye shali?"

"Hapana," Chiriku alisema akivuta kamasi. "Alikuwa anainywea. Halafu anaiosha. Halafu anaifuta na kanga yake."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya mkono wake. Mkono wake ulikuwa unaing'arisha. Weusi umeingia kwa sababu hakuna tena anayeishika. Fedha ikishikwa, ikioshwa, ikafutwa ikauke, inakaa nyeupe miaka na miaka. Mkiwa na safari ndefu, ifungeni kwa kitambaa cha pamba safi. Iwe mbali na sufu, mbali na mayai, na zaidi ya yote," akamtazama Fundi, "mbali na huyu bwana na tyubu zake. Wekeni na kipande cha chaki, kinanyonya unyevu."

"Chaki ninayo!" Chiriku alisema. "Ninazo tatu! Moja ni ya rangi ya waridi, mwalimu aliidondosha, siyo kwamba niliiba, aliidondosha kweli, halafu—"

Aliendelea. Hakuna aliyemkatiza. Fundi alikwenda kizingitini, akapiga magoti mbele ya begi, akaanza kufungua tyubu aliyoifunga mwenyewe. Fundo lilikuwa gumu, akalikata kwa meno.

Alasiri hiyo Fundi alitengeneza mlango wa kabati. Aliweka bawaba mpya, na skrubu za kweli. Mshonaji aliifua shali ya marehemu, akampa Shangazi aende nayo kwake. Shangazi aliivaa mabegani palepale, ingawa kulikuwa na joto, akaondoka nayo hivyo hivyo.

Siku hizi bilauri inakaa mezani, karibu na mtungi wa maji. Kila mtu anainywea. Shangazi akija, yeye hunywa wa kwanza. Fundi haruhusiwi kuigusa mpaka anawe mikono kwa sabuni, na mkaguzi ni Chiriku.

Mchana mmoja Mshonaji alikuwa anashona. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Chini ya cherehani pini zilikuwa zimeokotwa zote. Aliingia sebuleni kunywa maji, akasimama ghafla.

Bilauri ilikuwa mezani, na juu yake palikuwa na vidole.

Vilikuwa vinne, na gumba upande wa pili. Kisha akasogea. Maji ya mtungini yalikuwa baridi, na bilauri yote ilikuwa imefunikwa na umande. Mtu alikuwa ameishika sasa hivi, na pale aliposhika umande ulikuwa umefutika. Vidole vyenyewe vilikuwa vidogo, vya mtoto.

"Mama!" Chiriku aliita kutoka uani. "Nimekuachia maji nusu, unywe! Halafu uioshe, leo ni zamu yako, jana nilikuoshea na hukusema hata asante!"

Mshonaji alisimama hapo akisikiliza neno lile la kwanza, ambalo safari hii halikufuatwa na "mdogo". Kisha akaweka vidole vyake vifupi juu ya alama zile, akainua bilauri, akanywa maji yote.